Cheti cha kuzaliwa cha babu kilisajiliwa akiwa na miaka 51. Kwenye historia ya ukoo tukiamini kwa lipi?

#1 Mjukuu wa Muheza
Wakuu, salaam.

Tunaandika historia ya ukoo wetu upande wa baba, mimi na binamu zangu. Kwenye sanduku la bati la babu (marehemu) tumekuta cheti chake cha kuzaliwa. Kinasema hivi: amezaliwa 1 Julai 1931, Muheza. Jina la baba: Athumani. Tarehe ya kusajiliwa: Machi 1983, Tanga.

Matatizo ni mawili. Kwanza, ukoo mzima tunajua baba yake babu ni Mhina. Kaburi lake tunalifyekea kila mwaka, na sisi wenyewe tunatumia jina hilo. Huyo Athumani hakuna anayemfahamu. Pili, shangazi mkubwa anasema vita vya Hitler vilimkuta babu yuko shambani anafanya kazi ya mkonge. Kama alizaliwa 1931, vita vilianza akiwa na miaka minane.

Binamu mmoja anasema cheti cha ukubwani ni karatasi tu, tuachane nacho. Mimi nasema ndicho kitu pekee chenye muhuri tulicho nacho kuhusu babu, hakiwezi kuwa bure. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

#2 Mwanamtaa
1 Julai tena! Baba yangu 1 Julai, mama mkwe 1 Julai, jirani yangu fundi cherehani 1 Julai. Wakunga wa nchi hii siku hiyo walilala saa ngapi?

#3 Karani Mstaafu
Mkuu #1, usikitupe. Ila kisome kama kinavyosomwa cheti cha aina hiyo.

Cheti kina tarehe mbili, na watu huishia kwenye ya kwanza. Ya kuzaliwa inatoka kwenye kumbukumbu ya mtu. Ya kusajiliwa ndiyo inayojua wakati, maana karani aliiandika siku ileile. Kwa hiyo unacho ushahidi wa mwaka 1983 kuhusu jambo la zamani. Swali la kwanza kujiuliza ni hili: mwaka 1983 babu alikuwa na shida gani iliyomfanya mtu mzima wa wajukuu aende kutafuta cheti cha kuzaliwa?

Kwa utaratibu wa Bara, kizazi kinasajiliwa ndani ya siku 90. Kuna usajili wa baada ya siku 90 mpaka miaka 10, halafu kuna wa zaidi ya miaka 10. Huo wa mwisho ndio unaodai vielelezo: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kadi ya kliniki kama ipo, barua ya mtendaji, hati ya kiapo ya mtu mzima anayekufahamu. Kwa mtafuta ukoo, hazina iko kwenye hivyo viambatanisho. Cheti kinakupa jina la baba, lakini kiapo kinakupa jina la mtu aliyesimama kumsemea babu, na mara nyingi mtu huyo ni ndugu.

Na 1 Julai maana yake ni moja tu: mwaka ulikisiwa, siku haikujulikana. Wengine waliandikiwa 1 Januari. Usiijengee hoja yoyote.

#4 Chuma cha Pua
Rahisi hiyo. Nenda RITA (wakala wa serikali wa usajili) wakutolee faili la 1983, wao ndio walisajili. Pia angalia rekodi za mkoloni, mwingereza alisajili kila mtu, 1931 lazima yumo.

#5 Wakili wa Kata
Chuma cha Pua, mawili hapo si sahihi.

RITA imezinduliwa mwaka 2006. Mwaka 1983 kazi hiyo ilikuwa chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, na wilayani ilifanyika kwenye ofisi ya serikali ya wilaya. RITA wamerithi madaftari, kwa hiyo kuanzia kwao ni sawa. Aende na namba ya ingizo iliyo kwenye cheti, ndiyo inayoongoza kwenye daftari. Kama viambatanisho vya wakati huo bado vipo au la, hilo ataulizia hukohuko.

La pili, mwingereza hakusajili kila mtu. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini ulazima uliwahusu kwanza wasio Waafrika. Kwa Mwafrika wa kijijini Muheza mwaka 1931, kutokuwemo kwenye daftari la serikali ndiyo kawaida. Ulazima ulisogezwa eneo kwa eneo baadaye sana. Ndiyo maana vyeti vya wazee wetu karibu vyote ni vya ukubwani.

#6 Mtoto wa Kilifi
Kenya ni hadithi hiyohiyo. Mwaka 1904 walianza na Wazungu, kisha Wahindi. Sheria yenyewe ni ya 1928. Mwafrika alianza kulazimishwa 1963, Nairobi na Nyeri, ikaenea nchi nzima 1971. Babangu wa Ganze aliandikiwa cheti akitafuta pasipoti, tayari ana meno ya bandia.

#7 Ngosha wa Mabatini
Mimi jibu ninalo, kustaafu. Babu yako alikuwa mwajiriwa?

#8 Mjukuu wa Muheza
Ngosha, ndiyo. Aliacha mkonge akawa mlinzi kwenye taasisi moja Tanga mjini mpaka alipostaafu.

#9 Ngosha wa Mabatini
Basi imekwisha hiyo. Baba yangu alistaafu kwa miaka 55, na wenzake wote waliokaribia umri huo walikimbilia vyeti. Mwenye watoto bado shuleni akajipunguzia miaka sita, saba. Babu yako kama alizaliwa 1924 au 1925, mwaka 1983 alikuwa amekwishapita 55. Kwa 1931 amejipatia miaka mitatu zaidi ya mshahara. Shangazi yuko sahihi, cheti kimedanganya, na kimedanganya kwa ajili ya karo za akina baba zako.

#10 Mwanamtaa
Umri wa cheti na umri wa magoti havijawahi kupatana. Muulizeni mchezaji yeyote wa timu ya vijana.

#11 Bi Sharifa wa Pangani
Ngosha, umeifunga mapema. Kuna swali hukuuliza: shangazi aliposema vita vya Hitler, alimaanisha kuanza au kuisha? Wazee wa Tanga wengi wanapozungumzia vita hivyo wanakumbuka askari wa KAR (jeshi la mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma, na hiyo ni 1943 mpaka 1945. Mtoto aliyezaliwa 1931 wakati huo ana miaka 12 hadi 14, na watoto wa umri huo walikuwepo mashambani wanaanika singa (nyuzi za mkonge) na kupalilia. Marehemu mama yangu aliwaona. Kwa hiyo shangazi na cheti wanaweza wote kuwa sahihi. Rudi kwa shangazi umuulize babu alikuwa anafanya kazi gani huko. Akisema kukata, huyo ni mwanamume mzima. Akisema kuanika, ni mtoto.

Kwa wale wa pwani na Waislamu kwa jumla: kabla ya serikali tafuteni msahafu wa nyumbani. Kwetu kaka yangu mkubwa ameandikwa ndani ya jalada, kwa hati za Kiarabu: Ramadhani 1363. Cheti chake cha ukubwani kinasema 1 Julai 1948. Ramadhani ya mwaka 1363 iliangukia Agosti na Septemba 1944. Wino wa babu yetu uliandikwa mtoto akiwa bado ndani ya arobaini, cheti kimeandikwa kaka ana mvi. Mimi nafuata wino wa babu.

#12 Mjukuu wa Muheza
Bi Sharifa, ahsante sana mama. Shangazi nitampigia Ijumaa. Na jina je? Hilo Athumani ndilo linaloninyima usingizi kuliko mwaka.

#13 Kipande
Jina mimi naliona hivi. Mkonge ulikuwa na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, kila ukimaliza kazi ya siku inawekwa alama, zikitimia 30 ndiyo unalipwa. Kipande kina jina. Mtu akiugua au akitoroka, mwingine anaendelea na kipande kile kwa jina lile. Wapo manamba (vibarua wa mashamba) waliozeeka na jina la kipande, wakajengea nalo, wakaolea nalo. Jina la pili likifuata kwenye kadi ya kodi, likifuata kwenye ajira, mpaka 1983 anaenda kutafuta cheti lazima kifanane na karatasi za mwajiri. Hakuwa na uhuru wa kuandika Mhina hata kama angetaka.

#14 Wakili wa Kata
Kipande, hoja ni nzuri, ila babu amezaliwa Muheza na kazi ameifanya palepale. Manamba walitoka mbali, Waha, Wabena, Wanyamwezi. Mtu wa hapohapo angefichaje jina wakati jumbe anamjua baba yake?

#15 Kipande
Wakili, nani amekuambia alizaliwa Muheza? Cheti. Hichohicho tunachokibishania.

#16 Wakili wa Kata
Hapo umenibana. Mjukuu, kaburi la Mhina liko wapi?

#17 Mjukuu wa Muheza
Liko Muheza, kijijini. Lakini ni kweli, kabla yake hatuna kaburi lingine la ukoo pale. Hilo sikuwahi kulifikiria.

#18 Mama Shija
Mie naona mnatafuta mbali. Baba mkubwa! Mtoto akifiwa na baba analelewa na kaka wa baba, na huyo ndiye baba. Mume wangu cheti chake kina jina la baba yake mdogo, aliyempeleka shule. Kwenye makaratasi ndiye baba, kwenye ubani ndiye baba. Yule mzazi jina lake tunalijua watu wanne tu. Athumani anaweza kuwa mlezi, au Mhina ndiye mlezi na Athumani ndiye mzazi. Kaburi mnalofyekea si lazima liwe la aliyezaa.

Na jingine kwa wanaochambua vyeti: majina yenyewe yasomeni. Kwetu Usukumani Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayefuata mapacha. Ukikuta cheti cha Shija na kwenye ukoo hamna mapacha kabla yake, ujue kuna watoto wawili walizaliwa na kufa bila kuandikwa popote. Mimi nilivipata hivyo vizazi viwili vya bibi yangu, na mama alipothibitisha alilia.

#19 Ngosha wa Mabatini
Mama Shija umesema kweli tupu. Kulwa wetu yupo, Doto alifariki mchanga. Hana cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, ana jina tu kwenye mdomo wa bibi.

#20 Katekista
Naongezea la kanisa. Muheza ni eneo la Magila, misheni ya UMCA (wamisionari wa Kianglikana) tangu karne ya 19. Kama upande wowote wa ukoo wenu ulipita kwa Waanglikana, kuna madaftari ya ubatizo. Daftari la ubatizo lina tarehe ya siku ileile, jina la zamani na jina jipya, wazazi na wasimamizi. Angalizo: tarehe ya kubatizwa si ya kuzaliwa. Mtu mzima aliyebatizwa 1950 umri wake umekisiwa na padri kama karani wa 1983 alivyokisia. Lakini aliyebatizwa mchanga, hiyo inashinda cheti chochote cha ukubwani.

Na familia nyingi za huko zina Wakristo na Waislamu ndani ya nyumba moja. Mhina linaweza kuwa jina la nyumbani, na mtu huyohuyo msikitini akaitwa Athumani. Babu akaandikisha jina la dini la baba yake kwa sababu aliona ndilo la heshima kwenye karatasi ya serikali. Mtu mmoja, majina mawili. Mnatafuta maiti wawili kwenye kaburi moja.

#21 Chuma cha Pua
1983 si ndio mwaka wa Nguvukazi? Sokoine alikuwa anakamata wasio na kazi. Babu aliogopa kurudishwa kijijini, akatafuta cheti.

#22 Karani Mstaafu
Nguvukazi ni kweli ilikuwa 1983, ila kilichotakiwa kilikuwa kitambulisho cha kazi, si cheti cha kuzaliwa, na babu alikuwa na ajira. Halafu cheti ni cha Machi, na pilikapilika zile kali zilikuja baadaye mwaka huo. Sababu hiyo naiweka ya mwisho.

#23 Mdau wa Ughaibuni
Wakuu, niko Marekani, nichangie kidogo kwa sababu huku mambo haya wanayafahamu sana. Majimbo mengi ya huku nayo yalichelewa kusajili vizazi. Sheria ya mafao ya uzeeni ilipopita 1935, na baadaye viwanda vya silaha vilipodai uthibitisho wa uraia wakati wa vita, watu wazima kwa maelfu walikimbilia vyeti vya kuchelewa. Walipeleka Biblia za familia zenye tarehe za watoto, kiapo cha mkunga, rekodi za shule, majibu ya sensa za zamani. Watafiti wa koo huku wanavipenda vyeti hivyo, na wanachokimbilia ni lile eneo linalosema ushahidi gani uliletwa na nani. Ni sawasawa na alivyosema Karani #3.

Ila kwa mambo ya uhamiaji ni kinyume. Nilipomwombea mama yangu, cheti chake cha ukubwani peke yake hakikutosha, wakataka ushahidi wa pembeni. Cha ubatizo ndicho kilichotuokoa.

#24 Binamu Mtu
Mimi ndiye binamu anayesemwa kule #1. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Ninachosema ni kwamba tukiweka Athumani kwenye kitabu, watoto wetu watasoma Athumani na Mhina atapotea. Karatasi ina nguvu kuliko mdomo hata inapokosea. Wazee waliotuambia Mhina hawakuwa na mshahara wa kuongeza wala kazi ya kulinda. Walituambia bila kulipwa.

#25 Mtoto wa Kilifi
Binamu karibu. Lakini mdomo nao una shida zake. Hapa pwani kuna watu waliambiwa utotoni waseme wao ni Wagiriama ili wapate shule na vipande (vitambulisho), kumbe ni Wapemba waliokuja kuvua. Jamii ya Wapemba wa Kenya imetambuliwa 2023. Wapo waliosema uongo huo mpaka wajukuu wakauamini bila karatasi yoyote. Wazee wako hawakulipwa, sawa, ila hujui walikuwa wanamkinga nani.

#26 Bi Sharifa wa Pangani
Binamu, mwanangu, hoja yako ina uzito. Andikeni yote mawili na useme kila moja limetoka wapi: Mhina kwa mdomo wa nani, Athumani kwa karatasi ya lini. Msomaji wa kesho ni mtu mzima.

#27 Mjukuu wa Muheza
Wakuu, nina mapya. Baada ya #3 nililirudia sanduku. Ndani ya bahasha ya kadi ya TANU kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, nakala ya kaboni, wino wa buluu umefifia. Ni hati ya kiapo ya Februari 1983. Aliyeapa ni mwanamke, ameweka dole gumba, anajitaja "dada wa mwombaji, baba mmoja", na jina lake la pili ni binti Athumani. Anasema mwombaji alizaliwa "mwaka ule wa nzige" na yeye alikuwa anachunga mbuzi.

Shangazi naye nimempata. Amesema kuanika, kisha akasema kukata, kisha akasema nimuache apumzike. Huyo dada wa babu anamkumbuka, alikuwa anakuja misibani kutokea Pangani, lakini kwao walimwita bibi tu.

#28 Ngosha wa Mabatini
Duh. Nzige wa lini hao?

#29 Karani Mstaafu
Hapo umepata dhahabu. Nzige wakubwa Afrika Mashariki walikuja kuanzia 1928 wakaendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 1930. Kwa hiyo 1931 haikutoka hewani. Karani alichukua nzige wa yule mama akawageuza mwaka. Ngosha, miaka sita yako ya karo imeanza kuyeyuka.

#30 Ngosha wa Mabatini
Haiyeyuki. Dada huyo aliletwa na nani kuapa? Na babu. Nani alimwambia aseme nzige? Mtu anayetaka 1931 atatafuta nzige wa 1931.

#31 Mama Shija
"Baba mmoja" kwa kwetu hata mtoto wa baba mkubwa ni baba mmoja. Nami bado niko palepale na mlezi wangu.

#32 Katekista
Na binti Athumani haimuondoi Mhina kama ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kinachotakiwa sasa ni wajukuu wa huyo dada. Wao wanamwita baba wa bibi yao nani?

#33 Kipande
Dada yuko Pangani, kaburi moja tu liko Muheza, hakuna kaburi la juu yake. Ukoo huu ulihamia. Nasimama na kipande, ila sasa nasema aliyebadili jina si babu, ni baba yake.

#34 Mjukuu wa Muheza
Bi Sharifa, wewe ni wa Pangani. Nikikutumia jina la huyo bibi kwenye ujumbe wa pembeni utaweza kuniulizia?

#35 Bi Sharifa wa Pangani
Tuma. Na nitajie mtaa kama shangazi anaukumbuka, maana binti Athumani Pangani tuko wengi.

#36 Mwanachuo 2
Samahani kuingilia, nina swali la hukuhuku. Cheti changu kilitafutwa nilipomaliza kidato cha sita, kwa ajili ya mkopo wa chuo, maana HESLB (bodi ya mikopo) wanataka kilichohakikiwa RITA. Aliyenipeleka ni mama mkubwa na jina la mama limeandikwa lake, si la mama aliyenizaa, ambaye alifariki nikiwa mdogo. Vyeti vyangu vyote vya shule havina jina la mama. Kwa sheria naweza kurekebisha, au nikishasajiliwa ndiyo basi?

#37 Wakili wa Kata
Marekebisho yanawezekana, mdogo wangu, ila yanataka ushahidi. Una cheti cha kifo cha mama mzazi, au kadi yako ya kliniki?

#38 Mwanachuo 2
Kadi ya kliniki ipo. Jina la mama limeliwa na mchwa, limebaki herufi tatu za mwanzo na namba ya kliniki.

#39 Karani Mstaafu
Namba ya kliniki inasomeka yote?